Samaki wa Mpira kwenye Usiku wa Watu

Nina ugomvi na marehemu mmoja wa Marekani, Nick Creme. Hatukuwahi kuonana na simwombei mabaya huko aliko, lakini mwaka 1949, mjini Akron, Ohio, bwana huyu aliliona jiko la nyumbani kwake limekaa bure, akabandika sufuria, akatia plastiki, akaikoroga mpaka ikawa uji, akaimimina kwenye kalibu ya mnyoo. Ilipopoa ukatoka mnyoo laini, unanesanesa, hauozi wala hauhitaji kuchimbuliwa shambani. Mkewe alikuwepo na alimsaidia. Wangu angenifungia nje siku hiyohiyo. Mnyoo ukauzwa, samaki wa huko wakaumeza, na tangu hapo watu hawajaacha. Leo kuna dagaa wa mpira, chura wa mpira, mjusi wa mpira na kamba wa mpira mwenye magando. Sehemu ya mali hiyo iko uvunguni mwa kitanda changu hapa Mbinga, ndani ya begi, na inanuka kitunguu saumu.

Kitunguu saumu si utani wangu. Wenye fani wanaamini samaki huonja kabla ya kumeza, kwa hiyo mipira hutiwa harufu ili asiiteme haraka. Yaani samaki anaungwa viungo kabla hajavuliwa. Nilipopanda nayo Coaster ya kwenda ziwani, abiria wa kiti cha nyuma aliniuliza kama nimebeba mishikaki. Nilipomwambia ni chambo, alihama kiti.

Aliyenitumia begi ni shemeji yangu. Mke wangu ni wa ziwani, kwao Mbamba Bay, na mdogo wake wa mwisho yuko Marekani mwaka wa ngapi sijui. Aliondoka hapa hajui hata kupita mwaloni bila kukanyaga dagaa wa watu walioanikwa mchangani. Leo ni mvuvi bingwa wa mapumziko. Kila wiki ananitumia picha kwa WhatsApp: yeye, kofia, miwani ya jua, na samaki aliyeshikwa mdomo. Chini anaandika kwamba baada ya picha alimrudisha majini.

Picha mojawapo nilimwonyesha mjomba wa mke wangu, mzee aliyelivua Ziwa Nyasa tangu enzi za mtumbwi wa gogo. Mzee huyu ananiheshimu. Mimi ni mkwe, na mkwe hachekwi usoni, kwa hiyo kila ninapomletea habari za shemeji yeye hukohoa.

"Anamvua, kisha anamrudisha?"

"Ndiyo, mzee."

"Samaki alikuwa na kosa gani?"

"Hana kosa. Ni mchezo tu."

"Mchezo wa nani, mkwe? Huyu wa upande wa ndoano ameshirikishwa?"

Akakohoa mpaka akaletewa maji.

Mimi mwenyewe, kwa taarifa yenu, ni mtu wa milimani. Sisi Wamatengo maji tunayoyaelewa ni yale yanayotuama kwenye shimo la ngoro baada ya mvua. Yanazama ardhini taratibu, maharage yanakua, mahindi yanafuata, hakuna mtu anayezama. Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka kwetu mwaka 2012 iliondoka na ziwa lote, tukabaki na kahawa, mteremko na baridi ya Juni. Lakini ndugu zangu wa Dar es Salaam na Dodoma ramani zao ni za zamani. Ukiwaambia uko Mbinga, wanaagiza mbasa. Anayeagiza hajui kwamba mbasa mwenyewe amekuwa adimu, maana mvua zikianza anapanda mito kama Ruhuhu kwenda kutaga, na njiani kuna watu wanamsubiri na nyavu tangu mawingu hayajatanda. Anachojua ni kwamba ana shemeji, binamu au mwanafunzi mwenzake Mbinga, na kwamba Mbinga iko karibu na ziwa.

Zamani nilikuwa na kisingizio, na kisingizio changu kilikuwa barabara. Masika ulikuwa unamwambia mtu njia ya Mbamba Bay imekatika na anakupa pole. Sasa kilomita 66 zile ni lami tupu. Unaondoka Mbinga umevaa sweta, gari linashuka kona baada ya kona, masikio yanaziba, yanazibuka, sweta linavuliwa, na kabla hujamaliza kulalamika ziwa hilo hapo chini, mita 470 na ushei kutoka usawa wa bahari, joto tele, na ndugu yako wa Dodoma anapiga simu kuuliza umefika. Wanaosifu maendeleo ya barabara hawajawahi kuagizwa samaki.

Shemeji naye alikuwa na agizo lake, na lilikuwa la usiku. Alinitumia maelekezo ya sauti mfululizo, kila moja likianza na "Shem, nisikilize vizuri." Kwamba usiku samaki haoni rangi, anaona kivuli; anatazama kutoka chini kwenda juu, na mbingu hata ikiwa na giza ina mwanga kidogo, kwa hiyo kitu cheusi ndicho kinachojichora vizuri. Kwamba chambo kivutwe polepole, maana samaki ana mstari ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji, na asubiriwe akifuate. Kwamba vile vya kijani vinavyowaka gizani vimulikwe kwanza kwa tochi ili vishibe mwanga. Mambo haya ni ya kweli, nimeyathibitisha kwa wanaojua, na ukweli wake haujanisaidia popote.

"Kwa hiyo usiku wa giza unavulia kitu cheusi," mzee alisema nilipomfafanulia.

"Ndiyo, mzee."

"Wewe utakionaje?"

"Sikioni. Nakisikia kwenye mshipi."

Kikohozi.

Akaomba kuviona. Akavipanga kimoja kimoja kwenye jamvi, akawageuzageuza dagaa wa mpira, akakubali kwamba fundi amejitahidi, hasa mkia. Mjusi alimsogeza pembeni. Alipofika kwa yule kamba mwenye magando, akarudisha mkono haraka akaniuliza kwa nini navulia nge.

Lipo pia jambo ambalo shemeji hakulisema. Mke wangu, alipochoka kulala juu ya saumu, aliihamishia baadhi ya mipira kwenye kopo lake la plastiki ngumu, lile lenye mfuniko wa bluu analolitoa siku za wageni. Plastiki ile ya chambo hulainishwa kwa mafuta maalumu, na mafuta hayo hayakai kwake. Yakigusa plastiki ya aina nyingine yanahamia huko na kuilainisha. Baada ya siku kadhaa tulipofungua, mjusi alikuwa amezama kwenye kitako cha kopo mpaka mgongoni, mnyoo mweusi umemwambukiza mweupe rangi yake, na mfuniko ulivutika ukirefuka badala ya kufunguka. Mke wangu hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: kama kitu hiki kinakula kopo, samaki akikimeza tumbo lake linabaki? Nililipeleka swali hilo Marekani. Mpaka leo shemeji hajalijibu, ingawa alama mbili za bluu zinaonyesha ameliona.

Lakini yote hayo ni ya kuvumilika. Kinachonikera hasa ni kwamba shemeji, mtoto wa ziwani, amesahau kwamba usiku wa Ziwa Nyasa si mtupu. Huko aliko usiku unamsubiri yeye na kiti chake cha kukunja. Hapa una wenyewe. Kaa ufukweni Mbamba Bay usiku usio na mwezi: giza likishaingia vizuri, taa zinaanza kujitokeza majini moja moja, zinaongezeka, mpaka unaona mtaa mzima umehamia ziwani. Kila taa ni ofisi. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zikivuma na kumwunguza mtu vidole; siku hizi ni taa za betri, nyingine zinachajiwa kwa sola mchana juu ya bati. Kazi yake ni ileile. Mwanga unavuta vijidudu vya majini, vijidudu vinavuta dagaa, wale wanaoitwa usipa, na watu wanasubiri saa nyingi wakitetemeka mpaka dagaa wakusanyike juu ya wavu. Ada za shule za pwani hii zinaelea pale.

Mwezi ukiwa mkubwa mambo yanasimama. Mwanga umetapakaa kila mahali, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa, na wavuvi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu. Kwa kuwa mitumbwi haiko kazini, ndizo siku ambazo mgeni mwenye fimbo na mjusi wa mpira anaweza kupewa nafasi. Kwa maneno mengine, nilipangiwa usiku ambao dagaa hawapatikani na mwalo mzima hauna kazi ya kufanya zaidi ya kunitazama.

Walinitazama. Mzee alikuwa amenikataza kabisa kukanyaga maji kwa sababu ya mamba, akanichorea mstari mchangani kwa kisigino, kwa hiyo mara nyingi chambo changu kilikuwa kinatua nchi kavu. Kila nilipokunja mshipi, yule dagaa wa mpira alirudi kwangu akijikokota mchangani huku anawaka kijani, na watoto wakimsindikiza. Mmoja wao, hajafika hata darasa la tano, aliniuliza kwa adabu, "Shikamoo babu, umelewa?"

Swali hilo lina historia kwenye ziwa hili. Agosti 1914, pale Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya lile jabali lenye sura ya sphinx, meli ya Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa kufanyiwa matengenezo. Ikatokea meli ya Waingereza, Guendolen, ikaipiga mzinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza. Akajitosa kwenye kiboti, akaenda kumfokea nahodha mwenzake, Rhoades, rafiki yake wa kunywa naye, akimuuliza kama amelewa. Wakamchukua mateka. Yule mtoto wangu ana bahati kwamba mimi sina mzinga.

Baada ya aibu ile nilimbana mzee mpaka akanitafutia nafasi kwenye chombo cha dagaa, usiku wa giza, usiku wa kazi. Aliniombea kwa nahodha kwa maneno ya kunyenyekea ambayo sikuyapenda: "Ni mkwe wetu, mvumilieni." Nikapewa sehemu ya kukaa nyuma, na masharti: usisimame, usimulike tochi, ukisikia kimya na wewe nyamaza.

Pale chini ya taa nilichokiona nakikubali. Maji yanageuka kijani, halafu unaona vumbi linaloelea, halafu vumbi lile linapasuliwa na usipa wa kwanza, mwembamba, anang'aa na kuzimika kila anapojigeuza. Wanakuja wengine. Wanaanza kuzunguka upande mmoja, wote, bila mtu kuwapa amri, mpaka maji yanakuwa na uzito. Kisha, chini yao, mahali ambapo mwanga unakaribia kwisha, vinapita vivuli virefu. Vivuli vile vikipanda, dagaa wanapasuka pande zote. Ndio wala dagaa hao, mbasa na wenzake, wamekuja kujipakulia. Hapo shemeji alikuwa na haki aliposema penye taa pana dagaa, penye dagaa pana mkubwa anayewawinda. Namchukia kwa hilo.

Nikashusha dagaa wangu wa mpira. Sasa hebu fikiri umealikwa harusi, pilau imepakuliwa sinia kwa sinia, moshi unapanda, na katikati ya ukumbi mtu anakuletea sinia la plastiki lenye picha ya pilau. Maelfu ya dagaa hai wanamzunguka mwenzao mmoja tu aliyetulia, mwenye macho ya kuchorwa, anayenuka saumu. Walimwachia nafasi. Nakuambia walimkwepa, palikuwa na duara tupu kumzunguka.

"Wanajua," mzee alininong'oneza. Akaanza kunisimulia ni samaki gani ninaotaka kuwadanganya. Ziwa hili lina zaidi ya aina 700 za samaki, wengi wao hawapatikani penginepo duniani, na baadhi ndio walioianza kazi hii ya ulaghai. Yupo anayejilaza ubavu mchangani, ngozi yake madoadoa ya mzoga, anatulia. Visamaki vinakuja kudonoa maiti, na maiti inavimeza. Wataalamu wamempa jina la Livingstone, sijui walimaanisha nini. Wapo wengine, jamaa wa domodomo, wanaowinda usiku kwa makundi na kupashana habari kwa umeme wa miili yao. Hawahitaji kuona kivuli cha mtu yeyote. Mpira hauna umeme. Mzee alinyamaza kidogo, akaongeza kwamba huko kwa shemeji samaki labda hawakusoma.

Kwa sauti ya simu nikakumbushwa na shemeji, ambaye kwake ilikuwa bado mchana, kwamba kama juu hawali nishushe chini kabisa. Chini kabisa! Ziwa Nyasa lina kina kinachofika mita 700 hivi, na ukipita kama mita 250 hakuna tena hewa ya samaki kuvuta. Chubwi yangu ingeenda kukaa mahali ambapo hata samaki hawaendi. Nilimzimia simu.

Halafu mshipi ukavutwa. Kweli kabisa, mara moja, kwa nguvu, mpaka fimbo ikagonga ubao. Nikakunja kwa kasi, maji yakaruka, na dagaa wote waliokuwa wamekusanyika tangu saa mbili usiku wakatawanyika gizani. Kilichofika juu ni dagaa wa mpira asiye na mkia. Umekatwa pande mbili sawa, safi, kwa mstari mmoja.

Mzee alimwinua kwenye mwanga, akampima kwa kidole. "Huyu si mbasa," akasema. "Mbasa hana meno mdomoni, ya kwake yako kooni. Angemmeza au angemtema mzima. Huyu ni yule mwembamba mwenye meno, ambaye Wamalawi wanamwita ncheni." Akanirudishia. "Ameonja. Amekata kipande ampelekee mwenzake, amuulize hiki ni kitu gani."

Nahodha hakuwa na hamu ya mkia. Alikuwa anayatazama maji matupu. "Mkwe wa watu," akaniambia, bila kupandisha sauti, "sisi hapa tuko kazini." Kisha akanipa kamba ya wavu nishike, na sikuiachia mpaka alfajiri. Ile kamba imesokotwa na watu wenye viganja tofauti na vyangu. Ilivutwa, ikalegezwa, ikavutwa tena, mgongo ukawa si wangu, na kila nilipofikiri tumemaliza nahodha alisogeza taa na kuanza upya, kwa sababu wale wa mwanzo walikuwa wametawanyishwa na mtu ambaye kila aliyekuwa chomboni alikuwa na heshima ya kutomtaja jina.

Asubuhi mwaloni akina mama walikuwa wameshafika na mabeseni. Kwenye wavu, pamoja na dagaa, alikuwa ameingia mbasa mmoja mzuri, na kabla sijakauka alikuwa ameshapata mnunuzi. Nilimwomba mama mwenye beseni nimshike mara moja kwa ajili ya picha. Alikubali, akasimama pembeni ya mpiga picha, mkono kiunoni, akinihesabia kwa sauti. Nikaituma picha Marekani na kimya changu, nikaacha ijieleze yenyewe.

Jibu likaja papo hapo. "Hongera shem!! Umemrudisha?"

Nilimsomea mzee. Hakukohoa safari hii, alikuwa ameinamisha kichwa anakagua wavu, mabega yanatikisika. Nikaendelea kusoma, maana ujumbe haukuishia hapo: shemeji kafurahi mno, anaona sasa nimeiva, na kuna mtu anakuja Desemba atakayeniletea mtumbwi wa kupuliza kwa pampu, wa mtu mmoja, mwepesi, una hadi sehemu ya kuwekea kikombe, ili niwe natoka peke yangu usiku, nipige kasia taratibu kandokando ya mwambao mpaka kwenye mdomo wa mto.

Mzee akainua kichwa. "Ni wa ngozi gani?"

"Wa mpira, mzee."

"Na unajazwa upepo."

"Ndiyo."

Akafikiri kidogo, akauliza kama mamba wa Ruhuhu nao watatumiwa yale maelekezo ya sauti.